HAKI SI SADAKA: HABARI ZA GAVANA ALTGELD

(Mazungumzo kwa wanachama, Siku ya Wafanyakazi)



Siku hii ya 1 Mei ina asili yake katika mgomo wa wafanyakazi wa Marekani wa mwaka 1886, hasa katika mji wa Chicago, walipodai kazi ya saa nane kwa siku. Habari za waliouawa tumezisikia mara nyingi. Leo twataka kueleza habari za mwanasheria mmoja aliyekuja nyuma yao, jina lake John Peter Altgeld.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1847, akapelekwa Marekani angali mtoto mchanga. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na miaka 16 aliingia jeshini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye alifanya kibarua cha reli huko Arkansas, akafundisha shule, akajifunza sheria. Mwaka 1875 alihamia Chicago, akatajirika kwa biashara ya viwanja na majumba, na mwaka 1886 akachaguliwa kuwa jaji. Basi mtu huyu aliyajua maisha ya kibarua, na ya tajiri pia.

Tarehe 4 Mei mwaka huo wafanyakazi walifanya mkutano Haymarket. Polisi walipokuja kuwatawanya, mtu mmoja alitupa bomu. Polisi saba walikufa, na raia pia. Aliyelitupa hajulikani mpaka leo. Lakini watu wanane walihukumiwa, hasa kwa maneno waliyosema na kuandika. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Mmoja alijiua gerezani siku moja kabla. Watatu, yaani Fielden, Schwab na Neebe, walibaki kifungoni.

Mwaka 1893 Altgeld alishika ugavana wa Illinois. Watu wengi, hata matajiri kadhaa, walimwomba awafungue hao watatu, wakisema wamekwisha kuteseka vya kutosha. Njia hiyo ilikuwa rahisi: kutia sahihi, kutaja huruma, na kunyamaza. Altgeld hakuifuata. Alisoma kwanza maandiko ya kesi yote. Maana ya jibu lake ilikuwa hivi: kama walihukumiwa kwa haki na makosa ni yao, gavana hana sababu ya kuingilia, lakini kama hawakuhukumiwa kwa haki, jambo hilo lisemwe wazi.

Naye alilisema. Tarehe 26 Juni 1893 aliwafungua, akaandika sababu zake. Watu wa baraza la kuamua kesi walichaguliwa kwa hila. Wengine walikiri kwamba walikwisha kuwachukia washtakiwa, na jaji akawakubali vivyo hivyo. Ushahidi haukuonyesha nani alitupa bomu, wala kwamba huyo aliyelitupa alifuata shauri la washtakiwa. Na jaji mwenyewe alipendelea upande mmoja.

Magazeti yalimtukana vikali. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka huohuo sheria ya viwanda ilipitishwa, ikakataza watoto wa chini ya miaka 14 viwandani na kuwapa wanawake kazi ya saa nane, naye akamweka Bibi Florence Kelley awe mkaguzi mkuu. Mwaka 1895 mahakama kuu ya Illinois iliifuta sehemu ya saa nane. Mwaka 1894, katika mgomo wa Pullman, kampuni ilipunguza mishahara bila kupunguza kodi za nyumba zake. Rais Cleveland alipeleka askari wa serikali kuu Chicago bila gavana kuwaomba, na Altgeld akapinga. Mwaka 1896 alishindwa uchaguzi. Mali yake nayo ikapotea. Alikufa mwaka 1902.

Ndugu, jambo hili latuhusu. Mwenzetu akifukuzwa kazi, mara nyingi twakwenda kwa bwana mkubwa na kusema: msamehe, ana watoto. Labda atasamehewa, lakini kosa litabaki limeandikwa juu yake, na kesho mwingine atafukuzwa vilevile. Tuulize kwanza: alishtakiwa kwa lipi? Alisikilizwa? Shahidi ni nani? Barua ziko wapi? Wajumbe wetu wazisome barua hizo zote kabla ya kuingia ofisini, kama Altgeld alivyosoma kesi ile. Huwapasa kuomba huruma pale tu mwenzetu alipokosa kweli. Kama hakukosa, tudai haki yake, na iandikwe.