Samaki mukubwa inabakia, batoto yake njo banakufa

Mazungumuzo mbele ya vijana wa Kolwezi

 

Waliniomba niseme juu ya bahari, na wengine wameishaanza kucheka. Kolwezi na bahari, wapi na wapi? Lakini angalieni mu sahani. Thomson ile bamama wanatukaangia ni samaki ya bahari, mingi yake inatoka ku Namibia. Makayabu nayo inatoka mu bahari ya baridi, kule Ulaya. Tunakula bahari kila juma hata kama hatujaiona na macho.

Mimi niko na diploma ya biolojia. Kazi haiko, diploma inalala mu farde, lakini muda wa kusoma niko nao mingi. Basi nimesoma, na kuna kitu kimoja nataka mutoke nacho hapa, juu siku moja mutakihitaji mbele ya mukubwa fulani wa kampuni.

Tuanze na moshi. Tangu watu walianza kuchoma makaa ya mawe na mafuta, karibu robo ya gazi karbonika ile tunatupa hewani inamezwa na bahari. Ikiingia mu maji, inageuka asidi. Kipimo cha asidi wanaita pH. Saba ni katikati, chini ya 7 ni asidi, na kila hatua moja ya kushuka maana yake asidi imezidi mara 10. Maji ya juu ya bahari yalikuwa 8.2, leo yako karibu 8.1. Mutasema: kale kadogo! Kale kadogo ni karibu asilimia 30 ya asidi zaidi. Bahari haijakuwa kama maji ya batri, hapana, iko tu inashuka upande ule. Na wakati huo huo inapata joto: karibu asilimia 90 ya joto ile tumeongeza ku dunia imeingia mu bahari.

Sasa nani anaumia wa kwanza? Si samaki mukubwa. Samaki mukubwa ikisikia maji inakuwa moto, inaogelea, inaenda kutafuta baridi. Asidi ikiingia mu damu yake, iko na mashavu ya kuitoa. Yai haina mashavu. Haina mahali pa kukimbilia. Na mutoto yenye imetoka mu yai juzi inapumua kwa ngozi, mwili wake wote uko wazi kwa maji, na chakula yake ni ule ute wa yai tu yenye imebeba ku tumbo. Joto ikipanda, mwili unakimbia zaidi, ute unaisha mbio, na hewa mu maji inapunguka, juu maji ya moto haishiki hewa sana. Asidi ikiongezeka, nguvu ile mutoto ingetumia kwa kukomaa, inaitumia kupigana na asidi. Inafika siku ya kutafuta chakula na kinywa chake, imeishachoka.

Mu 2020, watafiti wa Ujerumani walitoa kazi juu ya karibu aina 700 za samaki, za bahari na za maji ya muto. Walikuta wenye kuvumilia joto kidogo kabisa ni mayai, na wakubwa wakati wanazaa. Wengine walichukua batoto ya cabillaud, ile samaki ya makayabu ya kweli, wakaweka mu maji yenye asidi kama ile wanangojea mwisho wa hii karne. Kila siku walikufa mara mbili kuliko wale wa maji ya kawaida. Niseme pia kwamba si kila kitu yenye inaandikwa inasimama. Watafiti wa Australia waliandika kwamba asidi inaharibu pua ya batoto ya samaki, hawasikii tena harufu ya adui. Mu 2020 wengine wakarudilia ile kazi, hawakuona kitu. Ni vizuri kujua hivyo. Mutu akikuletea namba, muulize nani mwengine alipima.

Tutoke mu bahari sasa, tukaribie nyumbani kupitia Norway na Sweden. Kule, miaka ya 1960 na 1970, mvua ilikuwa inanyesha na asidi juu ya moshi ya viwanda, mingi yake ikitoka mu inchi zingine. Maziwa yao ikaingia asidi pole pole. Mu maziwa mingi samaki haikufa siku moja. Mutu alikuwa anatupa wavu, anapata samaki, tena mikubwa, minene. Lakini yote ilikuwa mizee. Mu pH 5, mayai mingi ya samaki haitoboki. Miaka inapita, hakuna kamoja kadogo kanaingia mu wavu, wazee wanakufa mumoja mumoja, kisha ziwa linabaki maji tu, safi kabisa, yenye kungara, bila uzima ndani.

Ndugu zangu, hii njo kitu yenyewe. Siku kampuni itawaonyesha foto ya samaki munene mu Lualaba na kusema "mukuone, maji iko muzuri", mujue ile foto haisemi kitu. Ulizeni: batoto wako wapi?

Juu sisi hapa hatungojei asidi ya moshi. Ya kwetu inakuja na kamyo. Kwa kutoa shaba na kobalti mu mawe, usini zinatumia asidi sulfuriki, kila siku. Tarehe 20 Februari 2019, kamyo ya asidi ilianguka ku Kabwe, ku barabara ya kutoka Lubumbashi kuja huku, ikaua watu karibu 20. Mu 2012 BBC ya Uingereza ilionyesha maji yenye kutoka ku usini ya Luilu ikiingia mu muto: pH 1.9. Glencore ilijibu kwamba ilirisi ile tatizo na imeishaifunga. Sawa. Lakini fanyeni hesabu pamoja na mimi. Bahari imeshuka sehemu moja ya kumi ya hatua, na dunia nzima inafanya mikutano. Kutoka 7 mpaka 1.9 ni hatua tano na kidogo, ni asidi zaidi ya mara 100,000. Tena asidi haitembei yenyewe. Inayeyusha shaba na kobalti, inabeba, na shaba kidogo tu mu maji inaharibu mashavu na pua ya samaki.

Na Luilu haisimame hapa. Maji yake inafika mu Lualaba, Lualaba inashuka mpaka Bukama, inaingia mu maziwa ya Upemba, Kisale kule, mahali wanavua ile makoke na kambale ya kukausha yenye tunauziwa mu soko.

Kambale inazaa wakati gani? Mvua ikianza, maji ikijaa mu majani. Na mabwawa ya uchafu ya migodi inapasuka wakati gani? Mvua ikijaa. Mu Februari 2025, ku Chambishi, Zambia, bwawa la Sino-Metals lilipasuka, maji mingi ya asidi ikashuka mpaka muto Kafue, samaki ikaonekana imekufa hata kilometre 100 chini. Kitwe wakafunga maji ya bomba. Na Zambia inakataza uvuvi kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki izae. Muvuvi akikamatwa na wavu mwezi ule, anaenda mbele ya sheria. Bwawa lenyewe halikuomba ruhusa. Mu Novemba mwaka ule ule, maji ya usini ya CDM ikaingia mu mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa migodi akasimamisha kazi yao miezi tatu. Februari, Novemba: yote mvua, yote wakati wa mayai.

Kuna kitu ingine inanikera kidogo. Kobalti yetu inaenda mu batri ya magari ili moshi ipunguke, ili bahari ipumue, ili batoto ya cabillaud ya Norway ikomae. Sikatai. Ni vizuri ikomae. Lakini batoto ya kambale ya Upemba nayo ni batoto.

Basi tunaomba nini? Katiba, artikle 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi. Artikle 54 inasema uchafuzi unalipiwa. Tunaomba vipimo vya maji ya Luilu, Musonoi na Lualaba vitangazwe, vya kila mwezi, na zaidi vya Novemba mpaka Machi, si vya kiangazi peke yake wakati muto umetulia. Tunaomba wanaopima samaki wahesabu pia wadogo, wasilete tu uzito wa mikubwa.

Na sisi wenyewe tusingoje. Karatasi za kupima pH hazigharimu sana, tukichanga tutapata. Mutu wa mutaa wa karibu na maji apime mahali pamoja, saa moja, kila juma, aandike tarehe, apige foto ya karatasi karibu na maji. Asiingie na miguu, asiguse maji na mukono, achote na chupa yenye kamba. Asiingie mu eneo la kampuni, juu watatukamata bure na kazi itakufa. Wenye kujua wavuvi ku Nzilo ama ku Bukama, waulizeni wazee: mu wavu wa matundu madogo, leo munapata nini, na mbele mulikuwa munapata nini? Andikeni maneno yao vile wanasema, na jina la samaki vile wao wanaiita, musibadilishe mu Kifransa.

Mvua ya kwanza iko karibu. Wenye watapima Luilu wabakie hapa kisha mukutano, tugawane mahali na siku.