Hotuba Juu ya Akiba ya Uzeeni Iliyogawanywa na Korti



Tumeombwa tuseme machache juu ya akiba ya uzeeni, maana maneno mengi yamesemwa wakati wa chai na mengine si ya kweli. Sisi watatu tulifuatana na mwenzetu kortini, basi tutasema yale tuliyoyaona.

Mwenzetu aliingia kazi ya Reli mwaka 2003. Alioa mwaka 2011, na ndoa ikavunjwa mwaka 2023. Akiba yake ilikuwa imefika shilingi 1,400,000. Hakimu akaamuru igawanywe nusu kwa nusu, yaani shilingi 700,000 kwa kila mmoja.

Siku ile tulikasirika sana. Tulisema yule mama hakushika nyundo hata siku moja, atakulaje jasho la karakana? Wengine wakampa mwenzetu shauri azitoe fedha upesi akazifiche kwa ndugu yake. Ndugu zangu, shauri hilo ni baya. Anayeficha mali ambayo korti imekwisha itolea amri anajitafutia kifungo.

Siku ya 19 tulikwenda kwa katibu wa tawi. Hakukasirika kama sisi. Aliuliza neno moja tu: "Hesabu ya akiba ya mwisho wa mwaka 2010 iko wapi?" Tukatazamana. Hata wakili alikuwa hajaiomba.

Karatasi ilipopatikana, ilionyesha kwamba kabla ya arusi mwenzetu alikwisha weka shilingi 310,000. Fedha hizo ni za ujana wake, kabla hajamjua yule mama. Toa hizo, zabaki 1,090,000, na nusu yake ni 545,000. Basi mwenzetu alikuwa akitozwa shilingi 155,000 zaidi, bila kuhesabu faida iliyozaliwa na zile fedha za kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya kubishaniwa, wala si kusema mke hana kitu.

Maana na hili tulisomewa, nasi tukaona haya. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 yahesabu kazi ya nyumbani na kulea watoto kuwa ni mchango. Mwenzetu alipopelekwa Voi miaka minne, nani alilima shamba? Nani alikaa na watoto? Kwa upande mwingine, Korti Kuu Kabisa ya Kenya ilisema mwezi wa Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe tu. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Basi maneno hayo yawakata wote wawili.

Tena sheria ya mafao ya kustaafu ya mwaka 1997, kifungu cha 36, yasema hukumu juu ya mwanachama haiwezi kutekelezwa juu ya michango yake ila kwa kufuata kanuni za chama cha akiba chenyewe. Kwa hiyo tuliwaandikia wadhamini barua, tukatia nakala ya amri, tukaomba watuonyeshe kanuni hizo.

Sasa sikieni juu ya siku. Kutoka korti ya hakimu kwenda Korti Kuu, rufani hupelekwa katika siku 30. Ya mwenzetu iliingia siku ya 27, nasi tulikuwa tukihema. Wala rufani peke yake haizuii amri; lazima kuomba mbali kwamba amri isimamishwe kwanza. Ombi hilo lilikubaliwa.

Baadaye yule mama alionyeshwa karatasi ya 2010. Alisema, "Za kabla yangu sizitaki." Wakatia sahihi mapatano ya 545,000, na korti ikayaandika. Sisi tuliomtukana tulikuwa tumesimama pale pale mlangoni.

Kila mwenye akiba aombe hesabu yake ya kila mwaka, na ile ya mwaka aliooa aiweke pamoja na cheti cha ndoa. Asiyejua kuandika barua ya kuiomba aje ofisi ya tawi Jumamosi, baada ya zamu ya asubuhi.