Jinsi Matabibu Wanagenzi Wachaguliwavyo Marekani



Maneno ya leo yahusu jambo ambalo wazazi huliuliza pindi kijana wao amalizapo masomo ya udaktari, naye akasema ataka kwenda Marekani kuendelea. Mzazi hudhani kwamba shahada ikishapatikana, kilichosalia ni nauli tu; naye huenda akauza shamba kwa dhana hiyo. Sivyo hata kidogo. Katika nchi ile, mwenye shahada aghalabu haruhusiwi kutibu watu kwa mamlaka yake mwenyewe mpaka kwanza awe mwanagenzi hospitalini chini ya mabingwa. Uanagenzi kamili huchukua miaka 3 kwa magonjwa ya ndani, 5 kwa upasuaji, na 7 kwa upasuaji wa ubongo. Mwaka 2024 waliojiandikisha kuzitaka nafasi hizo walizidi 50,000, ilhali nafasi zenyewe zilikuwa elfu 41 na ushei. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba wako waliobaki nje, nao si wajinga.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Hospitali ndizo zilizokuwa nyingi na wanafunzi wachache, na kila hospitali ikakimbilia kumshika kijana kabla ya mwenziwe. Katika miaka ya 1940 ilifika hadi mwanafunzi kuchukuliwa miaka miwili kabla ya kumaliza masomo, wakati ambapo hata walimu wake hawajajua atakuwa tabibu wa namna gani. Vyuo vikapatana mwaka 1945 kuzizuia barua za sifa mpaka wakati maalumu. Dawa hiyo ikazaa ugonjwa mwingine: hospitali zikaanza kumtaka kijana ajibu kwa saa chache, ndiyo au la, na mwenye kungoja jibu la hospitali aipendayo zaidi akajikuta hana hii wala ile.

Ndipo mwaka 1952 pakawekwa mpango mmoja kwa nchi nzima. Yafaa kukumbuka kwamba kanuni iliyopendekezwa kwanza ilikataliwa na wanafunzi wenyewe, kwani waliona kuwa mwenye kuandika haja yake ya kweli angeweza kudhurika kwa ukweli wake. Walikuwa na haki, nao wakasikilizwa, kanuni ikabadilishwa kabla ya kutumika.

Namna yake ni hii. Kijana huandika orodha ya hospitali, kuanzia aipendayo zaidi. Kila hospitali nayo huandika orodha ya vijana. Orodha zote hupelekwa kwa mpatanishi, ambaye siku hizi ni kompyuta, naye afanya kazi kama mshenga. Huipeleka posa ya kila kijana kwa hospitali ya kwanza katika orodha yake. Hospitali yenye nafasi mbili ikipata posa tatu, huwashika wawili iliowatanguliza, na wa tatu hukataliwa. Lakini kushikwa si kuoa. Yule aliyekataliwa hupelekwa kwa hospitali yake ya pili. Pengine huko amekwisha kushikwa mwingine ambaye hospitali ile yampenda kidogo kuliko huyu. Basi wa kwanza huachiliwa, naye akaposa mahali pengine katika orodha yake. Huendelea hivyo mpaka hapana tena wa kuhama. Hapo tu ndipo ndoa zifungwapo, wala hapatakuwa na kijana na hospitali ambao kila mmoja angalimtaka mwenziwe kuliko yule aliyempata.

Wanahesabu wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1962, na mfano wao ulikuwa ndoa hasa. Hawakuwa na habari kwamba matabibu walikuwa wakitumia njia ya jinsi hiyo kwa miaka 10. Tofauti ni kwamba katika mpango ule wa matabibu aliyekuwa akiposa ni hospitali, na mwenye kuposa ndiye apataye fungu bora. Alvin Roth aliitengeneza upya kanuni hiyo, na tangu 1998 kijana ndiye aposaye. Ingawa ilionekana kwamba badiliko hilo lingemgusa chini ya mtu mmoja katika kila 1,000. Shapley na Roth walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amefariki 2008.

Lakini kompyuta haimjui mtu. Hufuata orodha tu, na orodha ya hospitali huandikwa na wanadamu. Hao hutazama alama za mitihani, barua za walimu, maelezo ya kijana mwenyewe, kisha huwaita wachache kwa mahojiano. Asiyeitwa kwa kawaida haandikwi. Mtihani wa kwanza wa leseni ulikuwa ukitolewa kwa alama, na hospitali zikaufanya chujio la kuwatupa wengi bila kusomwa. Tangu Januari 2022 hutangazwa kufaulu au kushindwa basi, na macho yakahamia mtihani wa pili, ambao bado una alama. Chujio lilihamishwa, halikuondolewa.

Wako pia walalamikao kwamba mwanagenzi hana nafasi ya kupatana mshahara, kwa kuwa matokeo humfunga. Kesi ilifunguliwa mwaka 2002. Baraza la Kongresi likapitisha sheria ya kuulinda mpango huo mwaka 2004.

Kijana aliyesomea nje ya Marekani yampasa kwanza apate cheti cha kuthibitisha masomo yake na kufaulu mitihani hiyo. Katika orodha yake aandike haja ya moyo wake, wala asitangulize hospitali asiyoipenda kwa kudhani kwamba itamchukua kwa urahisi. Kanuni haimwadhibu mwenye kujaribu kwanza palipo juu. Katika wiki ya matokeo, mwezi wa Machi, siku ya Jumatatu huambiwa kama amepata au hakupata, na mahali penyewe hapajui mpaka Ijumaa. Waliokosa hutumia siku zilizo katikati kuomba nafasi zilizobaki wazi. Na wazazi wajue hili pia: wageni wengi huingia kwa viza ya J-1, ambayo baada ya mafunzo humtaka tabibu arudi kwao miaka miwili, isipokuwa apewe msamaha, kabla ya kuweza kuomba makazi ya kudumu.