Kutoa Mimba na Saratani ya Matiti: Tuulizane Ushahidi

(Mazungumzo na vijana wa chama, Mbagala, Temeke)

Najua wengi mmekuja mkitegemea habari za daftari la wapiga kura. Tutafika huko. Nianze na dada mmoja wa mtaani kwetu. Ana uvimbe kwenye titi, miezi inakwenda, hospitali hataki kwenda. Kisa? Amesikia kwamba saratani ya matiti inawapata waliowahi kutoa mimba. Anaogopa akionekana Ocean Road, mtaa mzima utasema kumbe alitoa. Na hajawahi kutoa!

Sasa haya maneno yametoka wapi? Hayakuokotwa barabarani. Mwaka 1996 Joel Brind na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti za nyuma, wakasema hatari inaongezeka kwa asilimia 30 hivi. Tusikimbilie kuwaita waongo. Tuangalie ilipimwaje.

Nyingi za tafiti hizo zilichukua wagonjwa na wazima, zikawauliza: uliwahi kutoa mimba? Mgonjwa anayetafuta chanzo cha ugonjwa wake anasema yote. Mzima anaficha. Hebu fikiria hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu inampa mwanamke anayetoa mimba yake hadi miaka 7 jela. Nani atamjibu ukweli mtu aliyekuja na dodoso mlangoni? Kwa hiyo wagonjwa wanaonekana wametoa zaidi, kumbe wamesema zaidi.

Denmark hawakumuuliza mtu. Kule utoaji mimba unaandikwa kwenye rejesta ya taifa, saratani nayo hivyo hivyo. Mwaka 1997 Mads Melbye na wenzake waliziunganisha rejesta hizo kwa wanawake milioni 1.5. Kwa jumla, hatari haikuongezeka. Mwaka 2004 jarida la The Lancet likachapa uchambuzi wa tafiti 53 kutoka nchi 16, wagonjwa wapatao 83,000. Tafiti zilizoandika habari kabla mtu hajaugua hazikuonyesha ongezeko. Zilizouliza baada ya kuugua ndizo zilizoyumba.

Kuna atakayesema, mbona kuzaa mapema kunapunguza hatari? Kweli, kuzaa kunapunguza, na kunyonyesha pia. Lakini aliyetoa mimba anabaki pale pale ambapo angekuwa kama asingeshika mimba. Haongezewi kitu.

Sikuja kuwaambia muunge mkono utoaji mimba au muupinge, humu kila mtu ana dini yake. Na ule wa vichochoroni unaua, kwa kuvuja damu na maambukizi, hilo halina ubishi. Ila kumtisha mtu kwa saratani isiyohusika kunamchelewesha mwenye uvimbe, na wagonjwa wetu wengi tayari wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa.

Yule dada amekubali. Kesho asubuhi mwenzetu wa kamati anamsindikiza hospitali ya Temeke. Na diwani akija tumuulize, zahanati yetu ya kata ina mtu aliyefundishwa kupima matiti?

Haya, maswali. Tuanze na wale wa nyuma.