Mguu Unafunga Bao, Mkataba Unalinda Jasho

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Geita)



Leo hatuzungumzii pamba, wala mbolea, wala kuchemsha maji ya kunywa. Leo tunazungumzia mpira. Msicheke. Mpira ni kazi kama kazi nyingine, na katika kazi hii watu wanapata na watu wanapunjwa.

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, kijana mwenye nguvu anaona njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kushuka duarani kutafuta dhahabu. Ya pili ni kuingia uwanjani kutafuta jina. Njia hizi zinafanana sana. Wanaochimba ni wengi, wanaopata ni wachache. Na anayepata, kama hajui kusoma mzani, mnunuzi anamwibia mchana kweupe.

Basi tumtazame mchezaji mmoja wa mbele, yaani mshambuliaji, ambaye kazi yake ni kufunga mabao. Tuone safari yake inakwendaje.

Tuanzie nyumbani. Timu ya Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Katika msimu wa 2021/2022 ilishika nafasi ya nne. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17. Aliyemfuata alikuwa Fiston Mayele wa Yanga, mwenye mabao 16. Yanga ndio waliochukua ubingwa, lakini mfungaji bora alitoka Geita! Baadaye Mpole alivuka mpaka, akaenda kuichezea Lupopo ya Lubumbashi, Kongo. Geita Gold yenyewe ilishuka daraja mwaka 2024.

Shinyanga nako kulikuwa na Stand United, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi. Mwaka 2015 Elias Maguri alikuwa akiichezea timu hiyo. Tarehe 14 Novemba mwaka huo Taifa Stars walitoka sare ya 2-2 na Algeria pale Dar es Salaam. Bao moja alifunga Maguri. Mwaka uliofuata alikwenda kucheza Oman. Stand United ilishuka daraja mwaka 2019.

Mnaona, ndugu zetu? Timu inapanda, timu inashuka. Mchezaji anakuja, mchezaji anaondoka. Ni kama duara: leo lina mwamba wenye mali, kesho limekauka.

Na lile bao la pili dhidi ya Algeria alilifunga nani? Mbwana Samatta. Huyu ndiye Mtanzania aliyefika mbali zaidi katika kazi ya kufunga mabao. Tufuate hatua zake, moja baada ya nyingine.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam Desemba 1992. Alichezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika. Simba walishindwa, lakini Mazembe walimwona kijana huyu wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Kumbukeni umri huo, tutaurudia.

Je, alitoka Lubumbashi akaruka moja kwa moja kwenda Ulaya? Hapana. Alikaa huko zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 Mazembe walichukua ubingwa wa Afrika. Katika fainali walicheza na USM Alger mara mbili, na Samatta alifunga katika michezo yote miwili. Mashindano yale alifunga mabao 7, na hakuna aliyemzidi. Januari 2016, mjini Abuja, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara hili.

Mwezi huohuo alijiunga na Genk ya Ubelgiji. Huko nako alivumilia. Msimu wa 2018/2019 alifunga mabao 23 ya ligi, na Genk wakawa mabingwa. Tarehe 5 Novemba 2019 alifunga kwa kichwa katika uwanja wa Liverpool, Uingereza, ingawa Genk walifungwa 2-1.

Januari 2020 akanunuliwa na Aston Villa. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza kabla yake. Mchezo wake wa kwanza wa ligi alifunga. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga tena, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Nchi nzima tulishangilia, hata wale ambao hatuna televisheni.

Lakini baada ya hapo mabao yalikauka. Katika ligi ile alibaki na bao lake moja tu. Septemba 2020, miezi minane tangu afike, akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Halafu akatolewa kwa mkopo. Mchezaji wa mkopo ni kama ng'ombe wa kulimia: jirani anakuazima msimu mmoja, lakini mwenye ng'ombe ni yuleyule. Samatta alikopeshwa Antwerp, kisha Genk tena. Wengine wakasema, basi, amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Mwaka 2023 alikwenda PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 timu hiyo ikachukua ubingwa wa nchi. Mwaka 2025, akiwa na miaka 32, alijiunga na Le Havre ya Ufaransa.

Sasa tujiulize. Mtu anayehama nchi baada ya nchi, leo anashangiliwa, kesho anakaa benchi, analindwa na nini? Miguu yake? Miguu inazeeka. Washangiliaji? Washangiliaji wanasahau. Anayemlinda ni mkataba. Mkataba ukiwa mzuri, mabao yakikauka mshahara haukauki, mpaka muda wake uishe.

Hapo ndipo elimu yetu inapoingia. Mwaka fulani mzazi mmoja alituletea karatasi. Mwanawe alikuwa na miaka 16, hodari wa kufunga. Mgeni mmoja alikuja na gari, akamwahidi mzee kwamba kijana atakwenda kucheza nje. Mzee akaweka dole gumba. Tulipomsomea, alikaa kimya kwa muda mrefu. Karatasi ilisema kijana ni wa mgeni yule kwa miaka kumi, na nusu ya mapato yake yote ni ya mgeni. Mzee akasema, "Ng'ombe wangu siwezi kumuuza hivi. Mtoto nimemuuza." Mwezi uliofuata alijiandikisha kisomo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, shikeni mambo haya. Yamo katika kanuni za FIFA, chama cha mpira cha dunia.

Kwanza, kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Ndiyo maana tulisema mkumbuke umri wa Samatta.

Pili, mkataba wa kijana wa chini ya miaka 18 usizidi miaka 3. Wa mtu mzima usizidi miaka 5. Anayekuletea miaka kumi anakudanganya.

Tatu, mtu anayejiita wakala wa wachezaji lazima awe na leseni. Mwambie, "Baba, tuonyeshe leseni yako." Akikasirika, mmeshamjua.

Nne, na hili linahusu kijiji kizima. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za kumnunua hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 hadi 23. Tuseme amenunuliwa kwa shilingi milioni 200. Asilimia 5 ni milioni 10. Klabu ya kijijini iliyomlea ina fungu lake humo. Lakini italipwaje kama haikusajiliwa? Italipwaje kama jina la kijana halikuandikwa popote? Katibu wa timu anayetunza daftari na kuwasajili vijana wake kwenye chama cha mpira cha wilaya anatunza mali ya kijiji.

Hatusemi kila kijana atakuwa Samatta. Wengi hawatakuwa. Kijana asome, na mpira acheze. Lakini siku mgeni akija na karatasi, mzazi asitafute kidau cha wino. Atafute mahali penye mwanga, asome mstari kwa mstari. Neno lisiloeleweka aulize. Asitie sahihi siku ileile. Na nakala moja ibaki nyumbani, sandukuni.

Tulipojifunza a, e, i, o, u, wengine walituuliza, "Wazee kama ninyi mtasoma nini?" Basi jibu ni hilo. Tutasoma mikataba ya watoto wetu.



Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini Samatta aliendelea kupata kazi hata mabao yalipokauka?
2. Timu ya kijiji chenu imesajiliwa? Daftari la wachezaji analo nani?
3. Mgeni akileta mkataba wa miaka 6 kwa kijana wa miaka 17, mtamjibu nini?