Marathoni kwa Mwenye Kazi ya Kutwa

Msikilizaji, marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Kila mwaka, Februari ikielekea ukingoni, maelfu hukusanyika Moshi kukimbia chini ya Mlima Kilimanjaro. Wengi wao ni watu wenye ajira zao, na kukimbia si kazi yao.

Ukitoka ofisini Posta, Dar es Salaam, jioni ukafika Mbagala usiku, utafanya mazoezi saa ngapi? Kwa wengi ni alfajiri. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, mradi ujipe miezi minne hadi sita. Katikati ya wiki kimbia dakika 40 hivi. Jumapili ndiyo ya mbio ndefu, nayo irefushe kidogo kidogo hadi ifike kilomita 30.

Tena kimbia taratibu! Wengi huumia kwa kukimbia kasi mno. Ukishindwa kumaliza sentensi ukizungumza na mwenzako, umezidisha kasi. Pumzi huzoea mapema, lakini kano na mifupa huchelewa kuimarika, hata kama wewe unajiona uko fiti.

Umetoka zamu ya usiku? Lala kwanza, mazoezi yatasubiri. Mwili hujijenga upya usingizini, na nakusihi usiuibe usingizi huo.

Gizani vaa kizibao kinachoakisi mwanga, ukimbie upande wa kulia ili magari yaje mbele yako. Mwenye presha au kisukari apimwe kabla ya kuanza. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, simama papo hapo, kisha nenda hospitali mara moja.