Mnyama wa Viungo Vingi: Hotuba ya Katibu katika Mkutano wa Miaka Kumi



Nimeagizwa kutoa maelezo juu ya mnyama yule asimamaye mbele ya ghala letu, ambaye kila aliyeingia hapa leo amesimama kwanza kumtazama, na wengine, nimewaona kwa macho yangu, wamempita kwa mbali. Ana kichwa cha popo, shingo ya twiga, kiwiliwili cha kiboko, mbawa za korongo, miguu ya chui na mkia wa mamba. Hakununuliwa mjini. Ameundwa na wanachama wa vyama vyetu vya msingi vitano, kwa muda wa majuma saba, kila Jumamosi baada ya kazi za shamba. Yanipasa kueleza jinsi alivyoundwa, kisha kuuomba mkutano huu uamue mwisho wake, kwani tangu apate rangi hulala ndani ya ghala, na msimu wa kahawa u karibu.

Wazo lenyewe latoka mbali, nchi ya Meksiko. Katika mji mkuu wa nchi ile palikuwa na fundi aitwaye Pedro Linares, aliyezaliwa mwaka 1906. Kazi yake ilikuwa kuunda sanamu za karatasi na gundi ya unga, zikiwamo zile sanamu za Yuda ambazo watu wa huko huzichoma moto siku moja kabla ya Pasaka. Yasimuliwa kwamba mwaka 1936 alishikwa na homa kali, akaota yumo msituni, na mbele yake wakatokea wanyama wasio na mfano: punda mwenye mbawa za kipepeo, jogoo mwenye pembe za fahali, simba mwenye kichwa cha tai, wote wakipiga kelele neno moja lisilo na maana, «alebrijes». Alipopona akaanza kuwaunda kama alivyowaona. Mwaka 1990 alipewa tuzo ya taifa ya sanaa, akafariki mwaka 1992. Mwaka 2007 makumbusho ya Mexico City yaitwayo Museo de Arte Popular yalianzisha maandamano ya wanyama hao waliofanywa wakubwa mno, na humo vikundi vya mafundi, jamaa na marafiki husukuma kazi zao juu ya magurudumu kutoka uwanja wa Zócalo kupitia barabara ya Paseo de la Reforma.

Hapa kwetu pia jambo hili si geni. Wachongaji wa Kimakonde, tangu miaka ya 1950, wamechonga mashetani ya mpingo yenye viungo vya mtu na vya mnyama pamoja. Lakini mpingo huchongwa na mkono mmoja, na mti ukikosewa haurudi. Karatasi huvumilia mikono mingi, na vifaa vyake, yaani mianzi, magazeti makuukuu, unga na rangi, vyote tunavyo.

Halmashauri haikukubali upesi. Mzee mmoja ambaye sote twamheshimu aliuliza kama wakulima walianzisha chama ili wauze kahawa au ili wachezee karatasi. Swali lilikuwa la haki, nalo lilijibiwa kwa hesabu: unga, waya na rangi vilinunuliwa kwa mchango wa hiari, wala hakuna senti iliyotoka katika fedha za mazao. Daftari liko mezani kwa Mweka Hazina, na kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Wako pia waliosema kwamba dini yao hairuhusu kuunda umbo la kiumbe. Hao hawakushurutishwa, wala majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Ugomvi ulikuwa juu ya kichwa. Kila chama kilileta mnyama wake, na kila chama kilitaka mnyama huyo ndiye awe kichwa. Wa mlimani walisema chui, wa mtoni wakasema mamba, na kikao cha kwanza kikaisha usiku bila ya mstari mmoja kuchorwa. Katika kikao cha pili mama mmoja, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alisema: «Basi chukueni popo. Ndege wamemkataa na wanyama wamemkataa, hakuna atakayemgombea.» Watu wakacheka, na shauri likakatika. Kila chama kikapewa kiungo kimoja, na kichwa kikawa kazi ya wote.

Picha ilichorwa ndogo katika daftari la hesabu, kisha kila mraba wa daftari ukafanywa mraba wa nusu mita kwa chaki juu ya sakafu ya ghala. Uti wa mgongo na mifupa ya miguu ni miti ya mkaratusi. Mbavu ni mianzi iliyopasuliwa. Maseremala walianza kwa misumari, na mianzi ikapasuka. Ndipo wanawake wasukao vikapu walipowaomba waweke nyundo chini, wakaifunga mianzi kwa kamba za mkonge, kila mahali ipitanapo, kama wafungavyo mdomo wa kikapu. Kazi yao haijalegea hata leo.

Shingo ndiyo iliyotutia mashaka. Kitu kirefu kitokezacho mbele huvuta mwili wote uanguke kifudifudi. Tulipanua miguu, kisha tukaongeza uzito nyuma. Waliopewa mkia walikuwa wamenung'unika kwamba wametupwa mahali pasipotazamwa na mtu; lakini ndani ya mkia ule umo mfuko wa mchanga, na siku tulipoutoa ili kujaribu, ilitubidi watu wanane kukimbilia kichwa.

Juu ya gundi nitasema kwa kirefu kidogo, maana wengi wameniuliza. Unga wa ngano hukorogwa kwanza kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo humiminwa katika maji yachemkayo na kukorogwa kama uji. Tuliongeza mrututu kidogo ili wadudu wasile. Wakulima wa kahawa mwaujua, na mwajua kuwa ni sumu, kwa hiyo sufuria ile haikurudi jikoni kwa mtu, na watoto hawakuruhusiwa kuigusa gundi. Karatasi huchanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi, kwani ukingo uliochanwa hulala vizuri zaidi. Tabaka la kwanza huenda urefu, la pili upana, na kila tabaka sharti likauke kabisa kabla ya jingine. Mbawa zilifanywa kwa haraka, zikaota ukungu kwa ndani, zikabanduliwa na kuanzwa upya.

Kiwiliwili na shingo viliangukia vyama viwili ambavyo, kama mjuavyo, tangu msimu uliopita havikuwa vikisemezana kwa sababu ya zamu za gari la mizigo. Shauri lile la gari bado liko mbele ya Halmashauri, nami silisemi hapa. Nasema tu kwamba shingo haiwezi kupimwa bila ya kujua upana wa mabega, na kwamba Jumamosi tatu mfululizo watu wa vyama hivyo walishika kamba moja ya kupimia, huku na huku.

Sasa mapendekezo ni matatu. La kwanza, mnyama achomwe moto usiku wa leo, kama Wameksiko wafanyavyo kwa Yuda wao. La pili, apewe shule iliyo karibu, ambayo ina banda na imekubali kumpokea. La tatu, lililoletwa jana kwa barua, akatwe, kila chama kichukue kiungo chake nyumbani. Juu ya hili la tatu nimewauliza mafundi. Wamenijibu kwamba mianzi ya shingo imeingia mbavuni kiasi cha mita moja na kusukwa pamoja nazo, na kwamba hawaoni pa kupitisha msumeno.

Bwana Mwenyekiti, naomba mapendekezo hayo yapigiwe kura kwa kuinua mikono, na iwe kabla ya chakula, kwani wapishi wamekwisha kutuma habari mara mbili.